Kutoka Filamu Hadi Dijitali: Mwongozo kwa Mpiga Picha wa Porini na Milimani

Kama ulijifunza kupiga picha kwa filamu, macho yako hayahitaji shule mpya. Mwanga wa asubuhi ni ule ule, na mti uliosimama vibaya nyuma ya kichwa cha twiga utaendelea kusimama vibaya hata ukinunua kamera ya milioni kumi. Kinachohama ni mahali pa kuweka uangalifu. Filamu ilikusamehe makosa fulani bila wewe kujua, ikakuadhibu kwa mengine. Dijitali nayo ina huruma zake na ukali wake, ila haviko pale ulipovizoea. Anayelijua hilo mapema huhama bila taabu. Asiyelijua hubaki akilalamika kwamba picha za siku hizi hazina uhai.

Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye Pentax K1000, Nikon FM2, Canon AE-1 au Zenit ya urithi, anayependa kupiga picha nje: wanyama, milima, fukwe, mashamba. Picha za harusi na za studio zina mambo yake.

Lenzi kwanza, kamera baadaye

Usiende dukani kabla hujajua lenzi zako zina mdomo wa aina gani, yaani ile sehemu inayofungwa kwenye kamera, maana mdomo ndio utakaoamua kama utanunua kamera peke yake au utaanza na kila kitu. Mwenye Nikon ana bahati kiasi. Mdomo wa F uliotoka mwaka 1959 umeendelea kutumika hadi kwenye DSLR, yaani kamera za dijitali zenye kioo kinachoruka juu, za kampuni hiyo. Bahati hiyo ina masharti, hata hivyo. Lenzi zilizotengenezwa kabla ya 1977, kama hazijarekebishwa, zinaweza kuvunja kijino kidogo kilicho pembeni mwa mdomo wa baadhi ya kamera za baadaye. Na kamera ndogo za bei nafuu za ukoo wa D3000 na D5000 huipokea lenzi ya zamani isiyo na umeme lakini hazipimi mwanga kupitia lenzi hiyo. D7000, D7100 na D7200 hupima bila shida. Kwa mwenye Pentax mambo ni mepesi zaidi: lenzi za mdomo wa K, ulioanza 1975, huingia moja kwa moja kwenye DSLR za Pentax.

Mwenye Canon AE-1 asikie habari mbaya mapema. Lenzi zake ni za mdomo wa FD, na Canon ilihamia mdomo mwingine, EF, mwaka 1987. Ukiifunga lenzi ya FD kwenye DSLR ya Canon kwa adapta ya kawaida, haitaweza kulenga kitu cha mbali, na kwa mpiga picha wa milima hilo ni sawa na kutokuwa na lenzi kabisa. Zipo adapta zenye kipande cha lenzi ndani zinazotibu tatizo hilo, lakini kipande chenyewe hupunguza ubora wa picha. Mimi sizipendekezi.

Njia safi kwa lenzi za FD, za Zenit na karibu zote za enzi ya filamu ni kamera za kisasa zisizo na kile kioo kinachoruka juu unapobonyeza. Kwa kuwa kioo hakipo, lenzi imesogea karibu sana na kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kwenye kamera za Nikon za mdomo wa F umbali huo ni milimita 46.5, kwenye Sony za mdomo wa E ni 18, na kwenye Nikon za mdomo wa Z ni 16. Nafasi iliyopatikana ndipo adapta inapokaa, nayo ni bomba tupu tu. Utalenga kwa mkono kama zamani, na kamera itakusaidia kwa kupaka rangi kingo za kitu kilichokaa sawasawa. Kwa mandhari, kwa maua, kwa mtu aliyesimama, hiyo inatosha kabisa. Kwa duma anayekimbia haitoshi, na hapo huna budi kununua lenzi mpya.

Jambo la pili la kuangalia ni ukubwa wa kihisi. Picha ya filamu yako ina milimita 24 kwa 36. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo kuliko hapo, kinachoitwa APS-C, kinachochukua sehemu ya katikati tu ya kile lenzi inachokiona. Kwa Nikon, Sony na Pentax zidisha kwa 1.5, kwa Canon 1.6. Lenzi ya milimita 300 itaona kama ya 450, na anayefuata ndege au chui atashukuru. Lakini ile ya 24 uliyoitegemea kwa mandhari itaona kama ya 36, na bonde la Ngorongoro, lenye upana wa kilomita kama 19, halitaingia tena kwenye fremu moja. Mpiga picha wa wanyama asihofie APS-C hata kidogo. Wa mandhari ajipange kununua lenzi pana zaidi, au alipie kamera yenye kihisi cha ukubwa ule ule wa filamu.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya megapikseli 24 inachapishwa vizuri kwa ukubwa wa kutundika sebuleni, na watu wengi hawatachapisha hata moja. DSLR iliyotumika ya miaka kumi iliyopita, ikiwa na afya, itakuhudumia vizuri kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Ukinunua iliyotumika, uliza shata imepigwa mara ngapi, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kihisi kina madoa, na tazama ndani ya lenzi kwa tochi. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, na lenzi za pwani huwa nao sana. Zirudishe.

Mwanga: hapa ndipo wengi huanguka

Ukiwa na filamu ya negativu ulifundishwa kupima vivuli. Ulipokuwa na shaka uliongeza mwanga, kwa sababu negativu ya rangi huvumilia kupigwa mwanga hatua mbili au tatu zaidi ya kipimo na bado ikatoa picha nzuri. Ukipunguza mwanga, ndipo vivuli vinapotoka kama matope. Ukienda na mazoea hayo kwenye dijitali, utarudi na mbingu nyeupe pee, kanzu zisizo na mikunjo na theluji ya Kibo iliyogeuka karatasi.

Sababu ni ya kimaumbile. Kila nukta ya kihisi hukusanya mwanga hadi ijae. Ikishajaa haiandiki kingine, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha kilichokuwa pale, kwa kuwa hakikuandikwa. Upande wa giza mambo ni tofauti. Vivuli vinavyoonekana vyeusi kwenye skrini mara nyingi vina habari nyingi zilizojificha, na kihisi kizuri cha kisasa kitakuruhusu kuvinyanyua hatua tatu au zaidi ukiwa mezani. Kwa hiyo kanuni yako ya zamani igeuze: pima mwanga mkali, uulinde, kisha vivuli utavitengeneza baadaye.

Aliyekuwa akipiga slaidi atahama kwa urahisi, kwani slaidi nayo ilikuwa ikiungua upesi, na vipimo vyake vilihitaji mkono wa makini. Wapenzi wa Kodachrome walisukumwa kuhama bila kutaka: maabara ya mwisho iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kuipokea tarehe 30 Desemba 2010. Kama wewe ni wa kundi hilo, utajikuta nyumbani, tena ukiwa na nafasi kubwa zaidi ya kukosea kuliko slaidi ilivyokupa.

Kamera ina vifaa viwili vya kukulinda, na vyote vimezimwa au vimefichwa inapotoka kiwandani. Cha kwanza ni onyo la kumetameta: sehemu zilizoungua hupepesa nyeusi na nyeupe unapotazama picha. Liwashe leo. Cha pili ni histogramu, mchoro wa kilima unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika, giza kushoto na weupe kulia. Kilima kikigonga ukuta wa kulia na kukatika, kuna kitu kimeungua. Kikikaa mbali na ukuta huo na picha ina jua kali, unaweza kuongeza mwanga kidogo. Usiiamini skrini peke yake. Ukiwa juani saa sita mchana kila picha inaonekana nyeusi, na usiku hemani kila picha inang'aa.

Kipimo cha jua ulichokariri bado kinafanya kazi. Jua likiwa wazi, f/16 na kasi inayokaribia namba ya ISO. Yaani kwa ISO 100, sekunde 1/125. Ukipendelea f/8, ni 1/500. Kwa mandhari baki kati ya f/8 na f/11. Kwenye kihisi cha APS-C, ukifika f/16 picha huanza kulegea makali, na madoa ya vumbi hujitokeza angani.

Kuna mahali pawili ambapo kipimo cha kamera hudanganya kwa ukawaida ule ule wa zamani. Mchanga mweupe wa Paje, chumvi ya Ziwa Natron na theluji huifanya ipunguze mwanga kupita kiasi, hivyo ongeza hatua moja au moja na nusu huku ukitazama lile onyo. Nyati mweusi kwenye kivuli huifanya iongeze, nawe upunguze.

Piga kwa RAW. Faili la RAW ndilo negativu yako: halijaamuliwa rangi wala ukali, na lina nafasi ya kurekebishwa. JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa na fundi aliye ndani ya kamera, kwa ladha yake, na mabaki ametupa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa RAW ya takriban megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 huchukua picha kama elfu mbili. Nafasi si kisingizio tena. Kinachohitajika ni programu ya kusafishia. Lightroom hulipiwa kila mwezi. Darktable na RawTherapee ni za bure, na ukizipa majuma machache ya uvumilivu zitafanya kazi yote unayohitaji.

Mengine ni mepesi. ISO sasa unabadilisha kwa kila picha badala ya kumaliza roli, na ISO 1600 ya kamera ya kawaida ni safi kuliko filamu ya 400. Itumie bila aibu simba wanapotembea alfajiri: afadhali chembechembe kuliko picha iliyotikisika. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua, usiiachie kamera iamue yenyewe, la sivyo itakusahihishia ule wekundu wa alfajiri uliouamkia au wa jioni uliousubiri. Filta za kuongeza joto la rangi ziweke kabatini. Ya polaraiza ibakize, kwani hakuna programu inayoondoa mng'ao wa maji au wa majani, lakini hakikisha ni ya duara, kwa sababu ile ya zamani ya mstari inaweza kuvuruga kipimo na fokasi. Na katika nchi hizi za Ikweta jua hupanda na kuzama wima, kwa hiyo mwanga mzuri ni mfupi. Uwe umeshapanga vipimo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana ukianza kutafuta menyu jua likiwa limechomoza, umeshachelewa.

Usipige kwa sababu ni bure

Roli ya picha 36 ilikuwa na nidhamu ndani yake. Kadi haina. Mtu akifika mbele ya kundi la tembo hubonyeza mpaka kidole kichoke, halafu jioni anakaa na picha mia tisa zinazofanana, asijue aanzie wapi.

Nick Brandt, Mwingereza aliyejulikana kwa picha za wanyama wa Amboseli, alifanya vitabu vyake vitatu vya mwanzo kwa Pentax 67, kamera ya filamu kubwa inayotoa picha kumi tu kwa roli, tena bila lenzi ndefu: alisubiri mnyama asogee. Alipohamia dijitali na rangi katika This Empty World ya mwaka 2019, hakuhama ili apige nyingi. Kazi yenyewe ilihitaji kamera ifungwe mahali pamoja, wanyama wapigwe kwanza, kisha watu na majengo yaliyojengwa hapo hapo, na picha hizo ziunganishwe. Filamu isingeweza kubeba mpango huo kwa urahisi. Huo ndio utaratibu wa kuiga: jua unachotaka dijitali ikufanyie, uchukue hicho, na subira uliyofundishwa na filamu usiiache.

Mfululizo wa haraka uweke kwa ajili ya mwendo tu, kama nyumbu wanapovuka Mto Mara au tai anapodaka samaki. Na usifute picha ukiwa porini. Unachezea betri, skrini inakudanganya, na huku ukiinamia kamera mnyama anafanya lile ulilolisubiri tangu asubuhi.

Vumbi, baridi, unyevu na umeme

Kwenye kamera ya filamu, kila picha ilipigwa juu ya kipande kipya. Punje ya vumbi iliharibu fremu moja ikaondoka na mkanda. Kihisi hakisogei. Punje ikitua Jumatatu, itakuwa kwenye kila mbingu hadi utakapoisafisha. Kwa hiyo gari likiwa kwenye vumbi la Amboseli au Serengeti, usibadilishe lenzi. Ukilazimika, zima kamera, funga madirisha, mdomo utazame chini, fanya haraka. Wenye uwezo hubeba miili miwili, mmoja una lenzi ndefu, mwingine fupi. Beba pampu ya mpira ya kupulizia, na kamwe usipulize kwa mdomo, maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Tripodi ndani ya gari haina maana. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukilazwa dirishani au ukingoni mwa paa lililofunguliwa, hushika lenzi ndefu vizuri, na wali unapatikana safari ikiisha.

FM2 na K1000 hupiga picha hata betri ikifa, kwa sababu betri yao ni ya kipima mwanga tu. Kamera ya dijitali bila betri ni jiwe. DSLR hupiga picha mia kadhaa hadi elfu moja kwa chaji moja. Zisizo na kioo nyingi ni kama mia tatu au mia nne. Mpanda Kilimanjaro ahesabu vizuri, kwa kuwa kambini hakuna pa kuchaji na usiku wa kwenda Uhuru, mita 5,895, baridi hushuka chini ya sifuri kwa mbali. Baridi hunyonya nguvu ya betri za lithiamu kwa muda. Zitembeze kwenye mfuko wa ndani unaogusa mwili, ulale nazo, na ile iliyoonekana imekufa ipashe joto kwapani kabla hujaihukumu. Kwenye ndege, betri za akiba ziende kwenye begi la mkononi. Habari njema ni kwamba ile mionzi ya uwanja wa ndege iliyokuwa ikitia ukungu kwenye filamu haigusi kadi.

Pwani adui ni unyevu na chumvi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi nje ya Zanzibar au Mombasa, lenzi itafunikwa na mvuke, ndani na nje. Iache kwenye begi lililofungwa nusu saa ipate joto. Jioni ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu, na uhifadhi kila kitu kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika.

Kuhifadhi

Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imebaki na picha za Unguja za enzi ya masultani hadi baada ya Mapinduzi. Hakuna aliyehitaji nenosiri ili zidumu. Negativu ikiwekwa mahali pakavu hujitunza, faili halijitunzi. Diski huharibika bila kuaga, simu huibiwa, akaunti hufungwa. Filamu ilikusamehe uzembe wa kuhifadhi, na dijitali haitakusamehe hata mara moja.

Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako: kwa ndugu, ofisini, au kwenye hifadhi ya mtandaoni kama intaneti yako inaruhusu. Ukiwa safarini, usifute kadi mpaka picha ziwe mahali pawili. Nunua kadi mbili za 64 badala ya moja ya 128, ili moja ikipotea usipoteze safari nzima. Kadi bandia zimejaa sokoni, zimeandikwa gigabaiti 128 nje huku ndani zina kumi na sita. Ukishajaza hizo, zinazofuata zinaandikwa hewani. Ijaribu kila kadi mpya kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiamini.

Negativu zako za zamani usizitupe. Kamera yako mpya ikiwa na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na kibao cha mwanga mweupe chini ya negativu, utazigeuza kuwa faili bora kuliko skana nyingi za ofisini. Ianze kazi hiyo msimu wa mvua.

Kama unapenda filamu, endelea nayo kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe unazoweza kusafisha mwenyewe nyumbani. Kwa wanyama, kwa alfajiri na kwa safari ndefu, dijitali imeshinda, na sioni hoja ya kuibishia. Ila kabla hujalipa kiingilio cha hifadhi, ijue kamera yako karibu na nyumbani: piga kuku, piga kunguru, piga dagaa waliotandazwa juani, hadi uweze kubadilisha ISO na kipimo cha mwanga gizani bila kuangalia vitufe.